Kipimo cha malaria kikisoma hasi, usikimbilie amoksilini

Juzi tabibu mmoja kijana, ndiyo kwanza kapangiwa zahanati huko Mkinga, kaniandikia: "Dada, kipimo kimesoma hasi, mtoto anachemka, mama ananikodolea macho. Nampa nini?" Nimeisoma meseji hiyo mara tatu. Nami niliwahi kuwa na swali hilo, sikuwa na wa kumuuliza, nikajijibu vibaya.

Wewe kama mimi unataka mgonjwa atoke chumbani akisema yule dokta anaijua kazi. Zahanati yetu ilikuwa njia ya kwenda Pangani. Nachoma kidole, tone la damu, matone ya dawa, tunasubiri dakika 15. Ukitokea mstari wa C peke yake, yaani malaria haijaonekana, mkono wangu ulikuwa umeshaandika amoksilini, ile antibayotiki. Mafua, amoksilini. Kikohozi, amoksilini. Zamani kila homa tuliiita malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza, tukapunguza kugawa dawa mseto ya malaria, na pengo lile tukaliziba kwa antibayotiki. Wakati utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara uliotoka 2014, kwa watoto wapatao 1,000 wenye homa, uliwakuta takriban 7 kati ya 10 wana ugonjwa wa virusi. Amoksilini haimwui kirusi.

Linaloniuma zaidi ni kosa la upande wa pili. Mtoto wa miezi 18, mistari miwili, ule wa T, wa malaria, umekolea. Nikaandika dawa mseto nikaita anayefuata. Kifua sikukifunua. Kesho yake karudi, kanga ya mama imelowa, na kila mtoto akivuta hewa chini ya mbavu panabonyea ndani. Malaria alikuwa nayo, na nimonia pia. Mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, akaniuliza mbele ya foleni nzima: "Ulihesabu pumzi?" Nikainamisha kichwa. Mtoto alipewa rufaa, akapona. Ila mfawidhi angeniita ndani, jamani. Miaka imepita na bado naisikia sauti ile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hesabu pumzi. Dakika nzima, saa mkononi, mtoto katulia mapajani kwa mama. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Miezi 12 hadi 59, ni 40. Mwenye kikohozi na pumzi hizo, hapo amoksilini ina kazi. Kipimo kiwe hasi, kiwe chanya, hesabu. Tazama masikio, uliza mkojo. Anaharisha maji, mpe ORS na zinki. Kile kipimo umekiuliza habari ya malaria tu, usikibebeshe mengine! Tumekabidhiwa watoto wa watu, na dawa tunazozigawa ovyo leo ndizo zitakazokataa kufanya kazi siku mtoto anazihitaji kweli.

Na mama usimwache gizani. Wiki iliyopita bibi mmoja kutoka Tongoni aliigomea karatasi yangu isiyo na antibayotiki. Nikamwekea saa mbele yake, tukahesabu pamoja, kidole chake juu ya tumbo la mjukuu: pumzi 32, si za haraka. Nikamwambia akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akianza kupumua kwa shida, aje hata usiku. La sivyo tuonane Alhamisi.

Alhamisi alikuja, mjukuu anatembea mwenyewe, mkononi ana kipande cha muhogo.