Chakula Kizima Hushibisha Kabla Hakijanenepesha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki iliyopita liliuliza: “Je, mtu anaweza kupunguza uzito kwa kula vyakula vya asili visivyosindikwa bila kushinda na njaa, na je, mwenye kipato cha kawaida anamudu?” Kwa sehemu ya kwanza jibu langu ni ndiyo, kwa watu wengi. Kwa sehemu ya pili, kwa sisi wa Dodoma, jibu ni ndiyo pia, ingawa gharama yenyewe haiko mahali ambapo wengi huitafuta. Nilifundisha sayansi kimu katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na linalonisumbua ni kusikia jambo hili likihubiriwa kama imani, kana kwamba mtama una dawa ya kuyeyusha mafuta mwilini. Mtama hauna dawa hiyo. Una kitu kingine ambacho kinatosha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu ulitolewa mwaka 2019 na Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walilishwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili nyingine walilishwa vyakula ambavyo havikusindikwa au vilisindikwa kidogo tu. Milo ya pande zote mbili ilipangwa ilingane kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na uzito wao ukapanda karibu kilo moja. Walipokuwa kwenye vyakula visivyosindikwa walipungua karibu kiasi hichohicho. Hakuna aliyeamriwa kujinyima, na hakuna aliyepimiwa tonge. Walikula polepole zaidi, wakatosheka mapema, wakaacha wenyewe.

Sababu mojawapo ilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu tufaa zima, tufaa lililopondwa na juisi ya tufaa, kwa viwango vyenye wanga uleule. Juisi ilimalizika kwa kasi mara 11 kuliko tunda zima, nayo ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko vyote, na baada yake sukari ya damu ilishuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya kula. Sisi tunaolima zabibu Hombolo na Makutupora tunaweza kuliona jambo hili mezani petu: anayekula zabibu kwa vichala hutafuna ganda na nyama yake, na taya humchoka kabla hajamaliza bakuli, ilhali zabibu zilezile zikikamuliwa kuwa juisi hunywewa kwa mafunda machache na mtu akaomba glasi ya pili. Sukari ni ileile. Kilichoondolewa ni kazi ya kutafuna na zile nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Hata hivyo, mazungumzo haya yakiletwa kwetu kutoka Marekani bila kuangaliwa upya, yatatuelekeza pasipofaa. Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili, ambaye mgawanyo wake wa vyakula ndio unaotumiwa na watafiti wengi, aliweka makundi manne. Kundi la kwanza ni chakula kizima au kilichoguswa kidogo tu, na humo unaingia mlenda uliokaushwa, unaingia unga wa dona, yanaingia pia maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, kwa maana kukausha, kusaga na kugandisha si dhambi. Kundi la pili ni vile tunavyopikia: mafuta, sukari, chumvi. La tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa njia za kawaida, na la nne ni vile vya kiwandani vyenye rangi, ladha za kutengenezwa na viungo ambavyo jikoni kwako huwezi kuvikuta. Wamarekani wengi wananenepeshwa na kundi la nne. Kwa maoni yangu, watu wengi wa mji wetu wananenepeshwa zaidi na kundi la pili, yaani kopo la sukari na dumu la mafuta, pamoja na unga uliokobolewa ukawa mweupe pe. Soda, biskuti na soseji zipo na zinaongezeka, lakini mtu anaweza kuziacha zote na bado akanenepa kwa maandazi, chapati na chipsi zilizopikwa kwa mikono ya watu anaowafahamu.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, idadi ya watu wanaokaa kitini kutwa nzima imeongezeka sana, na chai ya saa nne imekuwa mlo kamili. Jirani yangu mmoja, mama anayefanya kazi ya ofisini, aliwahi kunieleza chai yake: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hiyo ni takriban gramu 36 za sukari kabla hajagusa andazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Mama huyu alipunguza sukari kidogo kidogo mpaka akaizoea chai ya rangi yenye tangawizi bila sukari, na mahali pa maandazi akaweka viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na yai. Sketi zake zilianza kulegea kiunoni kabla hajapanda kwenye mzani, na alichokifurahia zaidi ni kwamba ile njaa ya saa sita kasoro ilikoma.

Sasa nije kwenye unga, kwa kuwa ndiko tunakopotelea. Simama kwenye mashine yoyote ya kusaga mjini uangalie mahindi yanavyokobolewa. Punje huingia nzima. Upande mmoja hutoka mahindi meupe yaliyovuliwa nguo zake, upande mwingine hutoka pumba, ambazo hujazwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Ndani ya pumba hizo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, mafuta ya kiini na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Tunalipa ili chakula bora kiende bandani. Ni lazima niseme ukweli kwamba dona haipungukiwi kalori kiasi cha kutajika ukilinganisha na sembe. Gramu kwa gramu zinakaribiana sana. Tofauti iko kwenye shibe, kwa sababu tonge la dona hutafunwa zaidi na hukaa tumboni, na mtu huliacha sufuria likiwa na ugali ambao angeumaliza kama ungekuwa wa sembe. Hayohayo ni kweli kwa mtama na uwele, mradi navyo visikobolewe, maana siku hizi unaweza kuuziwa unga wa mtama ulio mweupe karibu sawa na sembe.

Pembeni ya ugali huo, sijaona mboga inayofaa kwa jambo hili kuliko mlenda wetu. Maji huchemshwa na nyanya mbili zilizokatwakatwa na chumvi kidogo, wengine huongeza magadi kiasi cha ncha ya kisu, kisha mlenda mkavu uliotwangwa hunyunyizwa taratibu huku ukikorogwa ili usifanye madonge, na kwa dakika chache mboga inavutika. Hakuna hata tone la mafuta lililoingia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, hata yakiwa mafuta safi ya alizeti kutoka Singida, na mboga ya mchicha ya nyumba nyingi mjini huogelea kwenye vijiko vinne au vitano. Familia inayokula mlenda usio na mafuta mara kadhaa kwa wiki imejiondolea mzigo mkubwa bila mtu yeyote kuhisi kwamba amewekwa kwenye masharti. Wanaopenda kuutia karanga zilizosagwa waendelee, ila kwa kijiko, kwa sababu karanga ni chakula kizima na bado gramu 100 zake zina zaidi ya kalori 550. Bakuli la karanga za kukaanga mbele ya televisheni linaweza kuzidi sahani ya chakula cha mchana. Ubuyu nao ni mzuri ukila unga wake mtupu au ukiukoroga kwenye uji usio na sukari. Ule wa rangi nyekundu uliopikwa kwa sukari ni peremende.

Husemwa mara kwa mara kwamba wazee wetu hawakuwa na vitambi kwa sababu walikula uwele na mlenda. Walikula hivyo, ni kweli, lakini pia walilima kwa jembe la mkono, walichunga, walitembea mbali kutafuta maji, na wengi wao walilala na njaa miezi ya kusubiri mavuno. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, na mvua ikikosekana hakuna msimu wa pili wa kufidia. Njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliua maelfu ya watu. Sipendi wembamba wa njaa uhesabiwe kuwa afya, na sipendi kijana wa leo anayefika ofisini kwa gari aambiwe kwamba akila tu kama babu yake atakuwa na mwili wa babu yake. Atapungua kwa kiasi fulani kwa chakula. Kwa kilichobaki itambidi atembee.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa vyakula vya asili hawalisemi, nalo kwa mkoa wetu ni zito. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa, kukaushwa au kuhifadhiwa vibaya, haiondoki kwa kupika, na sehemu yake kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, ndiyo maana kukoboa huipunguza kwa kiasi. Maana yake ni kwamba anayehama kutoka sembe kwenda dona analazimika kuwa mkali zaidi sokoni. Anunue nafaka nzima badala ya unga asioujua ulikotoka, achambue na kutupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, ahakikishe zimekauka sawasawa, na asage kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uharibike mapema. Mtama na uwele kwa kawaida havishambuliwi sana na kuvu hao kama mahindi na karanga, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvipa nafasi kubwa zaidi jikoni.

Kuhusu kasi, nusu kilo kwa wiki inatosha; kilo zinazoondoka haraka siku za mwanzo huwa kwa sehemu kubwa ni maji. Mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini amwone daktari kabla ya kubadili mlo, kwa sababu dozi iliyofaa kwa chai ya sukari na sembe inaweza kuishusha sukari yake mno. Wajawazito na wanaonyonyesha wasifanye zoezi la kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki.

Imebaki gharama. Katika utafiti ule wa Marekani, milo isiyosindikwa iligharimu takriban dola 151 kwa wiki kwa mtu mmoja, na ile iliyosindikwa dola 106, na wengi wakisoma hapo hukata tamaa. Lakini uwele, kunde, choroko na mlenda vinalimwa au kuota hapahapa, na anayenunua kwa kisado katika soko la Majengo au Sabasaba, akapeleka nafaka mashineni mwenyewe, hatumii zaidi ya yule anayenunua unga wa pakiti, mafuta na sukari. Gharama halisi ni muda na mkaa. Kunde kavu zikitupwa jikoni bila maandalizi hula mkaa mwingi na kumshikilia mpishi, ambaye katika nyumba nyingi ni mwanamke aliyetoka kazini kama mwenzake, hadi usiku. Ndiyo maana nawashauri wazilowekee maji jioni, wayamwage asubuhi, wachemshe kiasi cha siku mbili kwa mara moja pasipo chumvi mpaka zilainike, na wanaume wa nyumba washike zamu ya kuloweka na kuchambua. Siku ya kwanza zitaliwa na ugali wa uwele. Siku ya pili zitachanganywa na kitunguu, nyanya na majani ya maboga, na zitafungwa kwenye kontena la kupeleka ofisini, ili saa nne ikifika mtu awe na cha kula mbali na andazi.