Wa kidato cha tano, acheni kuanza na Sarajevo

Jamani wadogo zangu wa HGL na HGK (michepuo ya Historia, Jiografia na lugha), nimesahihisha esei zenu za sababu za Vita ya Kwanza ya Dunia na kusema ukweli mmenichosha. Karibu wote mmeanza na Franz Ferdinand kupigwa risasi Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Hiyo ni sababu ya papo hapo, swali linataka zile za kisiasa zilizokuwa zinafukuta chini kwa chini miaka na miaka. Madesa wekeni pembeni kidogo.

1. Usiniorodheshee ubeberu, utaifa, silaha, miungano, ukaishia hapo. Kila pointi inijibu: nani alikuwa anamwogopa nani? Mwingereza hakuwa na shida sana na jeshi la nchi kavu la Mjerumani, ila Mjerumani alipopitisha sheria ya kujenga manowari 1898, usingizi ukaanza kukata.

2. Miungano. Hapa ndo mnapoangukia kila mwaka. Juzi kwenye diskasheni pale Nyakato kuna dogo, kichwa kweli kweli, anamwaga miaka ya mikataba tu, 1879, 1882, 1894, 1904, 1907, wenzake wanapiga makofi. Nikamuuliza, sasa Italia alikuwa na Ujerumani na Austria tangu 1882, mbona 1914 alikaa pembeni? Kimya. Akaangalia feni. Mwenzake akamnong'oneza "alisaliti", naye akaidaka akaisema kwa sauti kama vile kaisoma mahali. Jamani! Mkataba ule ulikuwa wa kujihami, na Austria ndiye aliyemtangazia Serbia vita, halafu Italia mwenyewe alikuwa anaimezea mate Trento na Trieste zilizokuwa mikononi mwa Austria huyo huyo, ndo maana 1915 akaingia vitani upande wa pili. Sasa wewe uliyeandika "miungano iliwaburuza wote", Italia anakubomolea esei nzima. Walioshika mkataba waliogopa kubaki peke yao: Mjerumani alimbeba Austria kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtegemea, Mfaransa akamng'ang'ania Mrusi kwa sababu hiyo hiyo.

3. Bismarck, chansela wa Ujerumani. Jumapili mnapiga picha pale kwenye jiwe lenye jina lake karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, kwenye esei hayupo! Huyu ndiye aliyehangaika Ufaransa isipate rafiki baada ya kunyang'anywa Alsace na Lorraine 1871, mpaka akawa na mkataba wa siri na Urusi, 1887. Kaizari Wilhelm II akamng'oa 1890, mkataba ukaachwa ufe, na kufika 1894 Mrusi na Mfaransa washashikana mikono. Sasa Ujerumani ana adui mashariki, ana adui magharibi, na majenerali wake wanapiga hesabu kwamba Urusi ikimaliza kuimarisha jeshi lake kufika 1917 haitashikika tena, bora sasa hivi. Ndo hapo utaelewa kwa nini Julai 1914 Berlin iliiambia Vienna endeleeni, tupo nyuma yenu.

4. Balkani: 1908 Austria anaimeza Bosnia, Urusi aliyejiona mlinzi wa Waserbia anaaibika mbele yao, 1914 hakuwa tayari kuaibika tena. Inatosha.

5. Ramani mchore, lakini Poland msiiweke, 1914 haikuwepo kama nchi. Kuna mtu kaipaka kijani, kaiwekea na mji mkuu, mwandiko mzuri ajabu. Aje achukue karatasi yake, tuongee.