Ukihamisha tovuti ya mteja, anza na barua pepe

Mwenye duka la Biashara Street au kiwanda cha Industrial Area atavumilia tovuti ikipotea kwa saa moja. Barua pepe zikikatika Jumatatu asubuhi, LPO (oda rasmi za ununuzi) zikisubiriwa, hatakuelewa. Na barua pepe ndizo huumia zaidi tovuti inapohamia seva nyingine, hata kama tovuti yenyewe haina kasoro.

Kabla ya kugusa chochote, ingia zinakokaa rekodi za DNS, zinazoonyesha tovuti na barua za kikoa (jina la tovuti) ziko seva gani, uzinakili zote: A (IP ya seva, yaani anwani yake ya namba), CNAME (jina linalofuata jina jingine), MX (seva inayopokea barua) na TXT (maandishi, hasa ya uthibitisho). Kisha shusha TTL (sekunde ambazo seva nyingine huhifadhi rekodi) ya zile utakazobadilisha hadi 300, yaani dakika tano. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva ya tovuti, mara nyingi utaikuta 14400, ambayo ni saa nne. Kwingine 86400, siku nzima. Ishushe siku moja au mbili mapema, kwa sababu seva zilizokwisha kuhifadhi rekodi ya awali zitaendelea kuitumia mpaka muda wake uishe.

Kama unahamisha tovuti peke yake, usiguse nameserver, yaani seva zinakosomwa rekodi za DNS. Zikibadilika, rekodi zote huanza kusomwa upande mpya, na huko MX za mteja hazipo. Badilisha A tu.

Hata hapo kuna mtego, na ndio unaowanasa wengi. Fungua MX usome inaelekea wapi. Seva nyingi za cPanel huielekeza kwenye kikoa chenyewe, na "mail" nayo ni CNAME ya kikoa hichohicho. Ukibadilisha A, barua zinaifuata tovuti hadi seva mpya, ambako hakuna hata sanduku moja. Kwa hiyo futa CNAME ya "mail", weka mahali pake rekodi ya A yenye IP ya seva ya zamani, halafu elekeza MX kwenye "mail". Jaribu kutuma na kupokea. Barua zikipita pande zote mbili, ndipo uhamishe tovuti.

Kwenye seva mpya, ieleze cPanel kwamba barua za kikoa hiki hupokelewa kwingine. Usipofanya hivyo, ujumbe wa fomu ya mawasiliano utaishia humohumo ndani na mteja hatauona. IP mpya iongeze ndani ya SPF iliyopo, yaani rekodi ya TXT inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa. Usiandike SPF ya pili, maana zikiwa mbili ukaguzi hufeli.

Duka linalolipwa kwa M-Pesa linataka uangalifu zaidi. Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha tovuti na M-Pesa, hutuma matokeo ya malipo kwenye anwani uliyoipa, nayo lazima iwe ya HTTPS, muunganisho uliofungwa kwa cheti cha usalama. Cheti cha Let's Encrypt kinachothibitishwa kwa HTTP hakitatoka kabla A haijaelekea seva mpya, basi nakili cheti cha zamani pamoja na ufunguo wake, au thibitisha kwa rekodi ya TXT. Na ufunge manunuzi kabla ya kunakili hifadhidata. Ukiacha wazi, oda itakayolipwa katikati hubaki kwenye hifadhidata ya zamani: mnunuzi amekatwa pesa, mwenye duka haoni oda, na wote wawili wanakupigia wewe.

Seva ya zamani isikatwe, kwani masanduku ya barua bado yako huko. Mwandikie mteja hivyo waziwazi, pamoja na tarehe za kulipia seva zote mbili na kikoa, kwa sababu akiona bili mbili za kitu anachodhani ni kimoja, atalipa moja.