Kabla hujafungua sanduku la profesa

Mara ya kwanza kuingia kwenye chumba cha kusomea nyaraka cha Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, nilikuwa na kalamu tatu za wino mfukoni. Zote ziliishia kabatini pamoja na begi na koti. Humo ndani ni penseli tu. Unatoa faili moja kwa wakati mmoja, na karatasi unazirudisha kwa mpangilio uleule uliozikuta, hata ukiona wazi kuna aliyezichanganya.

Nilikuwa namfuatilia Joseph Wood Krutch, mwandishi na profesa Mmarekani ambaye masanduku ya nyaraka zake yamehifadhiwa humo. Alifundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaandika wasifu wa Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza wa karne ya 18, mwaka 1944, na kitabu juu ya Thoreau, Mmarekani aliyeandika habari za asili, mwaka 1948. Mwaka uliofuata, mzee huyu aliyezoeleka kwa tamthilia na mihadhara akatoa insha za asili, ya kwanza ikiwa juu ya vyura wadogo wanaolia baridi inapoisha. Mwaka 1952 akahamia Tucson, Arizona, akaandika habari za jangwa mpaka karibu na kifo chake mwaka 1970.

Miaka hiyo iandike kwenye karatasi moja kabla hujaomba kitu. Mimi niliomba sanduku la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza, siku ikaisha hivyo. Kilichonileta ni ule mgeuko wa 1948 na 1949. Nilipaswa kuanzia hapo. Mwongozo wa mkusanyo, yaani orodha ya kilichomo kwenye masanduku, upo mtandaoni, usome ukiwa nyumbani na chai yako.

Jambo lililonichelewesha zaidi ni barua. Sijui kwa nini sikuliwaza mapema: barua zilizomo kwenye nyaraka za mtu nyingi ni alizoandikiwa. Alizoandika yeye zilikwenda kwa waliotumiwa. Ni kama kukaa kwenye daladala jirani yako akiongea na simu. Unasikia upande mmoja, mwingine unabuni. Ukikuta nakala ya kaboni ya barua aliyoituma, ile karatasi nyepesi inayolialia ukiigusa, shukuru. Usipoikuta, orodhesha waliomwandikia, kisha tafuta nyaraka zao wao zimehifadhiwa wapi. Huenda ukalazimika kwenda mji mwingine. Mkutubi muulize bila aibu, kazi hiyo anaijua kuliko wewe.

Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuchapisha. Karatasi ni ya maktaba, maneno yanaweza kuwa ya warithi.

Na namba, jamani. Andika namba ya sanduku na ya faili kwanza, ndipo unakili maneno. Nina sentensi moja nzuri mno kwenye daftari langu, imezungushiwa duara mara mbili, na pembeni nimeandika "faili ile ya kijivu". Faili zote pale zilikuwa za kijivu.