Nimesoma Kifaransa, sitaki ualimu: nielekee wapi?

Swali: Shikamoo. Nimehitimu shahada ya lugha hapa Dar es Salaam, Kifaransa na Kiswahili. Ualimu si wito wangu. Nimeona tangazo la kazi ya ukalimani linalotaka "lugha A Kiswahili, B Kifaransa, C Kiingereza". Herufi hizo zina maana gani? Na je, nikasome shahada ya pili ya ukalimani, au kuna mlango mwingine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na tangazo. Herufi hizo ni utaratibu wa wakalimani wa mikutano. A ni lugha yako ya kuzaliwa, au unayoimudu kwa kiwango hicho. B si yako, lakini unaweza kuizungumza mbele ya mkutano ukimfuata msemaji bila kubabaika. C unaielewa barabara, ila hutakiwi kuisema. Kwa hiyo wanatafuta mtu wa kusikia Kifaransa aseme Kiswahili, kusikia Kiswahili aseme Kifaransa, na Kiingereza akisikilize tu.

Wahitimu wengi wetu hutoka chuoni Kifaransa kikiwa bado ni C, kwa sababu tulikisoma vitabuni zaidi ya kukizungumza. Jipime leo. Tafuta hotuba ya Kiswahili ya bajeti au ya afya, sikiliza dakika tano, kisha irudie yote kwa Kifaransa huku ukijirekodi. Ukiona hoja unazo ila maneno hayaji, usilipe ada ya shahada ya pili mwaka huu. Yakija, nenda. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya ukalimani wa mikutano, na soko lipo: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, Umoja wa Afrika uliridhia Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na mwaka huohuo Kongo ya Kinshasa, inayotumia Kifaransa, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila jua kwamba wakalimani wengi ni wa kuitwa kwa siku. Miezi ya mikutano unakosa usingizi, miezi mingine simu hailii.

Mlango ambao ningependa uutazame kwa makini uko karibu na ulipo: bandarini. Shehena nyingi ya Kongo hushuka Dar es Salaam, inapanda malori hadi Tunduma, inakatiza Zambia na kuingia Kasumbalesa kuelekea Lubumbashi. Kwa mdomo, wafanyabiashara wa Katanga, yaani eneo la Lubumbashi, wanaongea Kiswahili, mtaelewana. Karatasi ndiyo kazi. Forodha ya kule, DGDA, inafanya kazi kwa Kifaransa. OCC, wanaokagua ubora, vilevile. Kabla mzigo haujafika lazima uwe na FERI, hati ya taarifa za uingizaji inayotolewa na OGEFREM, shirika la Kongo linalosimamia usafirishaji wa shehena. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yasipolingana na ya hati ya shehena, lori linaweza kukaa mpakani na gharama za kila siku zinahesabiwa. Wakala wa forodha mwenye mtu anayesoma barua ya Lubumbashi asubuhi na kuijibu kabla ya saa sita hamwachii kirahisi.

Kifaransa pekee hakitakutosha huko. Chuo cha Kodi hutoa cheti cha uwakala wa forodha kinachotambulika Afrika Mashariki; ukikiunganisha na shahada yako utakuwa na kitu ambacho wenzako wa darasa la lugha hawana, na wa darasa la forodha pia hawana. Mimi ningeanza hapo, kisha ukalimani uje baadaye ukiwa na msamiati wa biashara tayari. Wakalimani wenye fani ndio huitwa tena.

Kuhusu tafsiri ya maandishi: hulipwa kwa neno, na mashine zimeshusha bei ya matini nyepesi. Ukiifanya, shikilia nyaraka za mahakama, mikataba na za hospitali, ambako kosa moja lina gharama na mteja anataka mtu wa kuwajibika.

Kabla ya kuomba popote, kafanye mtihani wa DALF, cheti cha Kifaransa cha ngazi za juu, ngazi ya C1 (C hii si ile ya wakalimani), kupitia Alliance Française. Kwenye wasifu wako usiandike "najua Kifaransa vizuri". Andika ngazi ya cheti, kisha aina za nyaraka ulizowahi kutafsiri, hata kama ni za mazoezi ya chuo, na sema wazi kwamba ni za mazoezi.