Wateja Wangu wa Dagaa Wamechoka na Meseji Zangu

SWALI: Mwangaluka dada. Nauza dagaa kwa jumla soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wateja wangu wako Kahama, Geita na Shinyanga, na wachache Ukerewe. Kijana mmoja mwenye ofisi ya kompyuta aliniwekea huduma ya meseji za pamoja. Kila siku saa 11 alfajiri mashine inawatumia watu 400 ujumbe uleule: "Karibu ujipatie dagaa bora kwa bei poa," na kipicha cha samaki mwishoni. Mwanzoni walipiga simu wengi. Siku hizi wawili wameniambia wazi kuwa nawachosha, na salio la meseji linaisha upesi kuliko alivyonipigia hesabu. Sasa anataka ninunue namba nyingine 5,000 alizonazo yeye. Nikubali, au niachane na mambo haya?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Mwangaluka mayu. Hizo namba 5,000 usinunue. Meseji usiache.

Mimi nimekulia kwenye dagaa wa kuanikwa, na swali lako nimelisoma kwa uchungu, kwa sababu huduma yenyewe ni nzuri na wewe umeuziwa namna mbaya ya kuitumia. Mteja wa Kahama anajua tangu zamani kwamba unauza dagaa. Asichokijua ni kama mzigo umeingia, umekauka vipi, na gari linapakia lini. Hayo ndiyo anayokupigia simu kuuliza, na hayo ndiyo meseji yako haisemi.

Halafu kuna mwezi. Wewe unajua vizuri kuliko kijana wako kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na kukiwa na mbalamwezi taa haziwavuti, kwa hiyo mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Mashine yake haijui hilo. Inawaita watu kwenye "dagaa bora" hata siku ambazo mwaloni hakuna kitu. Mteja akiitikia mara mbili akakuta hamna, ya tatu haifungui. Kaa naye mbadilishe ratiba ifuate mwezi angani: meseji moja siku za giza zikianza na mzigo wa kwanza ukiwa umekauka, nyingine siku chache kabla mbalamwezi haijarudi, ili mwenye kutaka akiba anunue mapema. Katikati, tuma ukiwa na jambo tu. Na saa 11 alfajiri waache watu walale. Saa 2 asubuhi inatosha.

Watenge pia. Mvua ikiwakuta dagaa kwenye mchanga, mzigo ule unakwenda kwa watu wa chakula cha kuku. Mama mwenye mgahawa Geita hana haja ya habari hiyo, ila mfugaji anaisubiri kwa hamu. Mwambie kijana agawe orodha mafungu mawili, wa kula na wa kuku. Ni kazi ndogo.

Lakini kama una hela ya aina moja tu ya meseji, acha matangazo yote ushike hii: mteja akishalipa na magunia yake yakapanda gari, apate ujumbe kwamba magunia 6 yamepakiwa, gari namba fulani, limetoka saa fulani. Mtu aliyetuma hela kutoka mbali analala na wasiwasi mpaka mzigo umfikie, na mistari miwili inamwondolea. Inafika hata kwenye simu ya kitochi isiyo na bando. Mteja wa kisiwani ambaye simu yake imezima chaji, mtandao unamhifadhia ujumbe, akiwasha anaupata, mradi hajachelewa mno. Ujue tu kwamba mashine ikikuandikia "imefika", maana yake imefika kwenye simu. Kusomwa ni jambo jingine.

Sasa salio. Ujumbe wako wa sasa ni mfupi na bado unahesabiwa meseji moja, lakini ukiurefusha, kile kipicha cha samaki kitakula hela yako. Meseji moja hubeba herufi 160, zikiwemo nafasi na alama, mradi herufi zote ziwe za kawaida. Ukiingiza kipicha kimoja tu, mfumo unabadilisha namna ya kuandika ujumbe mzima, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande unalipia kama meseji kamili. Zidisha kwa watu 400, kila siku.

Kiswahili chetu kinaingia vizuri kwenye zile 160, ila kuna mtego kwa sisi wa Kanda ya Ziwa. Mashine ikiwekewa kumtaja mteja kwa jina, na wateja wako wengi majina yao yanaanza na Ng'w, ile alama ya juu inayofuata g lazima iwe iliyonyooka. Iliyopinda, ambayo simu na kompyuta nyingi hujiwekea zenyewe, inaleta hasara ileile ya kipicha. Mwambie kijana aipitie orodha yote.

Jaribu hivi: "Dagaa wa kichanja wameingia Mwaloni leo. Gari la Kahama linapakia kesho saa 12 asubuhi. Agiza kwa (namba yako). Hutaki meseji? Tuma ACHA namba hiyo." Ukiweka namba yako kamili bado hujafika 160. Bei sijaiandika makusudi. Bei ya mwaloni ya asubuhi si ya mchana, na mteja atakuja ameshika simu akikudai ile aliyoisoma. Jina la mtumaji, lile linaloonekana badala ya namba, nalo halizidi herufi 11. DAGAAKIRUMBA ni 12, kwa hiyo chukua DAGAAMWALO.

Namba ya malipo usiibadilishe kamwe kwa meseji. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamewaumiza wafanyabiashara wengi, na mteja akishazoea kupokea namba mpya kutoka kwako kwa ujumbe, atampokea na tapeli.

Zile 5,000 nimezikataa kwa sababu wenyewe hawajui kama zinauzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na namba ya simu ni taarifa yake. Weka daftari kibandani. Mteja akilipa, muulize kama anataka habari za mzigo, akikubali andika namba na tarehe. Akisema ACHA, mfute siku hiyohiyo.

SWALI: Nilimwachia fundi simu namba yangu anijulishe simu yangu ikipona. Tangu hapo napata matangazo ya vitanda na mikopo. Nimejibu SITAKI mara nyingi, hayakomi.
Kondakta, Igoma

JIBU: Kaka, majibu yako hayafiki popote. Ujumbe uliokuja kwa jina badala ya namba haupokei jibu. Nenda kwa fundi, umwambie kwa maandishi aondoe namba yako na akutajie ni nani aliyepewa namba hiyo. Akikaidi, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkopo wowote unaokutaka utangulize ada, usijibu. Tuma ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na yale matangazo usiyafute mpaka suala lako liishe, maana jina la mtumaji, tarehe na saa ndiyo ushahidi wako.