SSD ya terabaiti 16 kwa elfu tisini, au hadi diski (hard disk) ya terabaiti 1 kwa bei ya juu zaidi?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga picha na video za sendofu, harusi na kipaimara hapa Morogoro. Laptopu yangu ina SSD, ile hifadhi ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 256 na imejaa, kila wiki nafuta kazi za zamani ili nipate pa kuweka mpya. Nina shilingi laki mbili na nusu, siwezi kuzidisha. Nimeona vitu vitatu: SSD ya nje ya terabaiti 16 inayouzwa mtandaoni kwa 90,000, hadi diski (ile ya kuzunguka) ya terabaiti 1 iliyotumika, kwa muuza vifaa vya mtumba, na eksteno mpya ya dukani, yaani hadi diski ya nje, ya terabaiti 1, ambayo ni ghali kuliko zote japo ni ndogo. Ipi itanifaa? Na je, naweza kuhariri video humo humo? Nyumbani kuna laptopu ya mume wangu iliyokufa, sijui kama ina msaada wowote.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Chukua ile mpya ya dukani, na usiitupe laptopu ya mume wako, maana huenda ndiyo itakayokuokolea pesa nyingi zaidi. Nitakueleza kwa nini.

Hiyo ya terabaiti 16 ni feki. Sihitaji kuiona. Samsung ilipotoa SSD yake ya mfukoni ya terabaiti 8, T5 EVO, mwaka 2023, bei iliyotangazwa ilikuwa dola za Marekani 650 hivi. Hii unayouziwa ina ukubwa mara mbili ya hiyo, kwa pesa isiyofika hata sehemu ya kumi. Ukilifungua kava lake utakuta kibao kidogo cha USB kilichochomekwa memori kadi, au chipu ya kawaida ya flashi, mara nyingi ikiwa imeshikizwa kwa gundi. Walioitengeneza wamebadilisha programu iliyo ndani ya kidhibiti, yaani chipu inayokiongoza kifaa, ili kompyuta ikiuliza ukubwa wake, ijibiwe terabaiti 16. Windows haina namna ya kubisha, inaonyesha kile ilichoambiwa.

Ubaya wake ni kwamba mwanzoni inafanya kazi. Utaweka sendofu ya kwanza, utaifungua, itacheza vizuri. Tuseme kadi ya ndani ni ya gigabaiti 64. Ukishazipita hizo 64, kidhibiti ama kinaandika juu ya kazi zako za zamani, ama kinaitupa data huku kile kistari cha kunakili kinaendelea kujaa kana kwamba mambo ni shwari. Majina ya mafaili yote yatabaki, na ukubwa wake utasomeka, kwa sababu orodha ya mafaili hukaa sehemu ya mwanzo iliyo hai. Miezi inapita, bi harusi anarudi kuomba nakala nyingine, unabonyeza na faili halifunguki. Hapo hata fundi wa kuokoa data hana la kufanya, kwa kuwa data yenyewe haikuandikwa popote.

Wauzaji wanategemea kwamba hutapima. Programu ya bure ya H2testw, kwa Windows, hujaza kifaa chote kwa data ya majaribio kisha huisoma tena kuona kama ipo. Kwa Linux na Mac kuna F3. Sasa piga hesabu: kifaa cha aina hii huandika kama megabaiti 30 kwa sekunde, kwa hiyo kukijaza terabaiti 16 ni kazi ya siku sita usiku na mchana. Nani atakaa siku sita? Kuna programu nyingine, ValiDrive, iliyotoka 2023, ambayo badala ya kujaza kila kitu hugusa sehemu mbalimbali za kifaa kwa dakika chache na kukuonyesha zilizo hai na zisizokuwepo. Iweke kwenye laptopu yako hata kama hutanunua kitu leo. Flashi na memori kadi za kamera nazo zina ugonjwa huu huu, na wewe kadi ndiyo riziki yako.

Ya mtumba si vibaya moja kwa moja. Shida ni kuijua historia yake, na bahati nzuri diski yenyewe huiandika. Nenda na laptopu yako ikiwa na CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma historia hiyo, uchomeke diski mbele ya muuzaji. Angalia kwanza saa ilizokaa imewashwa. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo ukiona saa 30,000 ujue imezunguka zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika, huenda ilitoka kwenye mashine ya ofisi. Kisha shuka kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Wa 05 unahesabu sehemu zilizokwishaharibika zikabadilishwa, wa C5 ni sehemu zinazosumbua kusomeka na bado hazijaamuliwa, wa C6 ni zilizoshindikana. Safu ya mwisho kulia ndiyo yenye hesabu halisi, na kwa kawaida programu huiandika kwa namba za mfumo wa kumi na sita, zile zenye herufi ndani yake, kwa hiyo usishtuke. Unachotafuta ni sifuri tupu kwenye mistari yote mitatu. C5 ikiwa na chochote juu ya sifuri, mrudishie diski yake kwa heshima. Weka na sikio karibu: mzunguko mzuri ni mvumo laini, ila ikigonga tak, tak, tak kwa kurudiarudia, hiyo iko njiani kufa.

Hata ikifaulu yote hayo, kwako wewe nisingeichukua iwe ndiyo hifadhi kuu. Kazi zako hazirudiwi. Huwezi kumwomba baba mzazi amkabidhi tena binti yake kwa sababu diski imekufa.

Sasa ile mpya. Duniani leo wamebaki watengenezaji watatu tu wa hadi diski: Seagate, Western Digital na Toshiba. Majina mengine unayoyaona kwenye maboksi, yawe LaCie, Transcend au ADATA, ndani yake mna diski ya mmoja wa hao watatu. Samsung iliiuza biashara yake ya hadi diski kwa Seagate mwaka 2011, kwa hiyo mtu akikuuzia leo hadi diski ya kuzunguka "mpya ya Samsung", ni mzigo wa zamani sana au ni feki. Kati ya Seagate Expansion, WD Elements na Toshiba Canvio Basics, mimi sibagui. Nunua ile ambayo duka linakuuzia kwa bei nzuri ikiwa na boksi lililofungwa, risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Ukiwa pale pale dukani ingiza siriali namba kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ni Seagate au WD. Itakuambia kama dhamana ipo hai. Kuna watu huchukua diski za laptopu mbovu, wakazitia kwenye kava jipya na kuziuza kama mpya, na siriali namba ndiyo huwaumbua. CrystalDiskInfo nayo: diski mpya haiwezi kuwa na saa 9,000.

Chukua ndogo ya inchi 2.5, inayopata umeme kwenye tundu la USB lenyewe. Zile kubwa za inchi 3.5 huwa na bei nzuri kwa kila terabaiti, lakini zinataka adapta yake ya volti 12 ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kunakili diski inazimika ghafla wakati laptopu yako ingeendelea kwa betri. Hilo pekee limeharibu kazi nyingi za watu.

Ukiichomeka utaona gigabaiti 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inatokea hapo. Na 931 kwako ni kiasi gani? Kama kamera yako inarekodi HD kamili kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ya video inakula gigabaiti 22.5. Shughuli yenye saa nne za klipu ni gigabaiti 90, kwa hiyo diski hiyo inabeba shughuli kumi zikiwa ghafi. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100, gawa kwa mbili. Ndiyo maana nasema, dukani wakiwa na ya terabaiti 2 ndani ya bajeti yako, na ukabakiwa na pesa ya kava nitakalolitaja chini, chukua hiyo. Gigabaiti moja moja huwa rahisi kwenye diski kubwa.

Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, ambalo kwenye laptopu nyingi lina plastiki ya bluu ndani au alama ya SS pembeni. Gigabaiti 90 zile zitapita kwa dakika kama 15. Kwenye tundu la USB 2.0 ni karibu saa nzima, na hapo watu hulaumu diski.

Kuhusu kuhariri humo humo: kamera moja yenye HD, inawezekana. Kamera mbili tatu kwa pamoja, video itakatakata, kwa sababu kisomeo cha ndani kinalazimika kurukaruka kutoka faili hadi faili. Halafu nyingi ya diski hizi za mfukoni huandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Ukiandika mfululizo kwa muda mrefu, kasi hushuka hadi chini ya nusu. Kwa kutunza haina neno. Kwa hiyo hamishia kazi zote zilizokamilika kwenye eksteno, acha gigabaiti 100 hivi wazi kwenye SSD ya laptopu, na kazi unayoihariri wiki hii ikae humo. Ukimaliza, ihamishe. Hata hiyo SSD yako itachangamka, maana SSD iliyojaa hadi ukingoni huwa nzito.

Fomati, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski: angalia kama imekuja na NTFS au exFAT. Ukiwa wa Windows peke yake, ibakie NTFS, kwani inavumilia zaidi waya ukichomoka ghafla. Ukimpelekea mhariri mwenye Mac, exFAT. Usikubali FAT32, haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Na ubonyeze kuitoa kwa usalama kabla ya kuchomoa, kisha usubiri iache kuzunguka ndipo uitie begini. Mtikisiko wa bodaboda hauidhuru diski iliyolala, unaidhuru inayozunguka. Kuwa mpole pia na tundu lake. Diski nyingi za Western Digital za mfukoni tundu la USB limechomelewa kwenye kibao cha diski yenyewe, likivunjika huwezi tu kuihamishia kwenye kava lingine.

Nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Watu wengi hununua eksteno, wakahamishia kila kitu, wakafuta kwenye laptopu, wakajiona wamejihifadhi. Hapo bado una nakala moja tu, imehama nyumba. Kazi ambayo mteja hajaichukua lazima iwe sehemu mbili kabla hujafuta memori kadi. Kuokoa data kwenye diski ambayo kisomeo chake kimegonga sahani za ndani ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya diski yako mara kadhaa, bila uhakika.

Nakala ya pili ndiyo hiyo laptopu iliyokufa. Mara nyingi kinachokufa ni bodi, kioo au chaji, diski ikabaki nzima. Mwombe mume wako ruhusa, na uhamishe vitu vyake kwanza. Fungua kwa bisibisi ndogo, chomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine, uitoe diski. Ikiwa ni ile bapa yenye upana wa inchi 2.5, unahitaji kava la USB 3.0 la SATA (aina ya kiungio cha diski hizo bapa), kitu rahisi sana Kariakoo na hata hapo Morogoro kwa wauza vifaa vya kompyuta. Pima unene: makava mengi yanapokea milimita 7 na 9.5. Ukiitia, ipitishe kwenye CrystalDiskInfo kama nilivyokueleza; sifuri tatu zikiwepo, weka humo kazi za miezi hii tu ambazo hazijachukuliwa, na uitunze nyumba tofauti na iliko ile eksteno, hata kwa dada yako.

Ikiwa laptopu hiyo ni ya karibuni, unaweza kukuta kijiti chembamba cha M.2 badala ya diski bapa. Hizo ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na kava la moja halisomi nyingine, isipokuwa yale machache yaliyotengenezwa kusoma zote. Piga picha ya lebo yake na ya ule upande wenye meno ya dhahabu, unitumie kabla hujatoa pesa ya kava.